Kelele Zilizokoma Kila Tulipobisha Hodi

Vijana mnaoingia kazi hii sasa, swali nililoulizwa kuliko mengine yote katika miaka yangu ya kazi ni hili: mtu wa Dodoma anahusika vipi na meli?

Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa kanisani, nimeulizwa na mama mkwe mbele ya wageni wake. Majirani zangu pale Kikuyu waliniita Fundi Kelele, kwa sababu walikuwa wakiniona natoka asubuhi na antena begani na kurudi jioni nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Walipojua kwamba kelele ninazozitafuta ni zile zinazoweza kuziba wito wa msaada wa chombo kinachozama, muuza mkaa wa mtaani kwetu alinishika mkono kwa huruma. "Dada," akasema, "hapa hata maji ya kuoga tunayapangia foleni. Hiyo bahari unayoilinda umeificha wapi?"

Nilimjibu kama ninavyowajibu ninyi. Setilaiti inayobeba simu za meli imekaa juu sana, na kutoka huko inaiona bahari na inaiona Dodoma kwa wakati uleule. Sauti ya nahodha anayeomba msaada inafika kule juu ikiwa imechoka, ndogo, kama ya mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde. Mtambo mbovu ukinguruma huku bara kwenye masafa yale yale, setilaiti inausikia mngurumo na haimsikii nahodha. Muuza mkaa alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama ninaweza pia kuizima spika ya kilabu cha pombe kilicho nyuma ya nyumba yake. Nilimwambia sheria yangu haifiki huko. Alisikitika sana.

Mimi sikupitia chuo cha redio. Nilianza kwa kufungua redio ya betri ya marehemu baba, nikaiharibu, nikaitengeneza, nikaiharibu tena. Vitabu nilivinunua vilivyokwisha kutumika, vingine havina jalada, na hesabu za pembetatu nilijifunza nikiwa mtu mzima mwenye watoto, baada ya kuosha vyombo. Nayasema haya ili mjue kwamba mtu anayeandika hapa alijifunza polepole, na kilichojifunzwa polepole huwa hakitoki haraka.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mzee Shabani. Alikuwa mtu wa mjini, wa zile familia za zamani za Kiislamu ambazo babu zao walifika Dodoma na misafara wakabaki kufanya biashara. Ndugu zake wote waliuza ngozi, samli na vitambaa. Yeye peke yake alipenda nyaya. Alipostaafu ndugu zake walimfungulia duka, na kila nilipopita nilimkuta amelifunga kwa sababu amekwenda kutengeneza redio ya mtu.

Siku yangu ya kwanza alinipa vifaa vya kusikilizia vya kuvaa masikioni, akaniketisha karibu na dirisha, akaniambia nisikilize tu na nisiandike kitu. Nilisikia mashine ya kusaga. Nilisikia mtu anachomelea geti. Nilisikia friji ya duka la soda ikijiwasha na kujizima. Kila kifaa kina tabia yake, aliniambia, na tabia haijifichi. "Binti, mashine itakuambia ukubwa wa kelele. Haitakuambia kelele ni ya nani. Hiyo ni kazi ya masikio na miguu."

Miguu tuliitumia sana. Kuna safari tuliifukuza kelele moja kuelekea kaskazini. Tulipokuwa mjini ilikuwa kubwa. Tulipotoka mjini ilikuwa kubwa vilevile. Tukafika Kondoa, bado ni kubwa, tukasema basi chanzo kiko mbele. Tulipofika Kolo Mzee Shabani akaniambia nizime gari ateremke kuswali adhuhuri. Nikazima. Kelele ikakata.

Nikawasha, ikarudi. Nikazima, ikakata. Tulikuwa tumeifukuza dainamo ya gari letu wenyewe kutoka Dodoma.

Mlinzi wa michoro ya mapangoni alikuwa amekaa kando ya barabara, akatuuliza kama tumekuja kuona michoro. Mzee Shabani akajibu akiwa anamimina maji ya kutawadhia, "Hapana ndugu yangu. Tumekuja kujiona wenyewe." Tangu siku ile hatukuwahi kupima na injini ikiwa inanguruma, na ninyi msipime. Ukienda kutafuta kosa, jizime kwanza wewe.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloulizwa na vijana wa ofisini kila wanaponitembelea, habari za zahanati ya milimani.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Kabla ya hapo simu ilikuwa ya shirika moja, redio ni moja, na masafa yalikuwa kimya kama shule siku ya likizo. Kisha milango ikafunguliwa. Kila wiki kulikuwa na kampuni mpya, mnara mpya, kontena jipya la vifaa vilivyotumika. Wengi wetu tulifurahi. Lakini masafa ni kama uwanja wa soko: wafanyabiashara wakiongezeka, uwanja wenyewe hauongezeki.

Kulikuwa na kampuni ya zamani iliyobeba wito wa dharura wa meli kwa setilaiti. Ilikuwa ikifanya hivyo peke yake, na ilijivunia. Kisha ikaja kampuni mpya na setilaiti zake, masafa yake jirani kabisa na ya ile ya zamani, mpaka kwa mpaka. Kampuni mpya nayo iliuza huduma ya dharura, vifaa vidogo vya kufunga kwenye boti, na simu za kuweka mahali pasipo na waya huku bara. Ya zamani ilisema mpya inachafua masafa ya kuokolea watu. Mpya ilisema ya zamani inatafuta visingizio vya kumkaba mshindani. Ofisi yetu, iliyokuwa inasimamia masafa, ikakaa katikati kama mjumbe wa nyumba kumi kwenye ugomvi wa ukuta.

Malalamiko yalikuwa hayana mzaha. Kampuni ya zamani ilikuwa inasikia mngurumo karibu kila siku juu ya masafa ya wito wa hatari, na vipimo vyao vilionyesha unatoka uwanda wa kati wa Tanzania. Simu za kampuni mpya katika eneo hilo zilikuwa chache. Tulifanya kazi ya kuondoa moja moja: leo chomoa betri ya huyu, kampuni ya zamani isikilize; kesho ya yule. Ni njia ya kuchosha lakini haidanganyi. Zamu ilipofika kwenye zahanati moja ya milimani upande wa Kibakwe, tulituma ujumbe kwa dereva wa lori la mazao kwamba siku ya mnada waya wa betri ung'olewe. Siku hiyo mngurumo ukanyamaza kabisa. Waya uliporudishwa, ukarudi.

Kwa hiyo tulijua ni wapi. Tukaenda mimi, Mzee Shabani na injinia kijana wa kampuni mpya aliyeitwa Kessy, aliyekuja kutoka Dar es Salaam na viatu vyeupe.

Muuguzi wa zahanati ile alikuwa Mama Ndahani. Mama mnene wa wastani, sauti ya chini, mkunga aliyewazalisha karibu wanawake wote wa vijiji vile, na baadaye akawazalisha mabinti zao. Tulisimama mbali kidogo na mlango kama inavyopasa, tukabisha hodi, tukasubiri. Akatoka, akatukaribisha, akatuita tukae. "Mbukwenyi," akasema, salamu ya kwetu Wagogo, na mimi nikaitika, na hapo akajua mimi ni mtoto wa nyumbani. Basi uji wa uwele ukaletwa, maziwa ya mgando yakaletwa, Kessy akaulizwa habari za wazazi wake mpaka za babu yake. Nilipofungua mashine yangu na kuelekeza antena kwenye ile simu, masafa yalikuwa safi kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu.

Kessy akashangilia. "Mmeona? Kifaa chetu hakina tatizo."

Tukarudi. Kampuni ya zamani ikasema mngurumo uko palepale. Tukaenda tena, tukabisha hodi, tukala, tukapima. Safi. Tukarudi. Upo.

Hapo hasira zikaanza. Kampuni ya zamani ikasema vipimo vyetu ni vya kulindana. Kampuni mpya ikasema haifungiwi kifaa ambacho mkaguzi wa serikali amekipima mara mbili akakiona safi. Mkubwa wangu aliniita, na nakumbuka alikuwa mpole, hakuwa mtu wa kufoka. "Siwezi kusubiri boti izame ndipo niamini," akasema. "Nendeni mkaifunge kwa lakiri. Tutaendelea kubishana ikiwa imefungwa."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonisumbua. Zahanati ile ilikuwa haina gari. Kabla ya simu kuletwa, mama akishindwa kujifungua alibebwa kwenye machela mpaka barabarani, na huko waliomba gari lolote litakalopita. Tangu simu ije, Mama Ndahani alikuwa anapiga hospitali ya wilaya Mpwapwa, na gari linapanda kuwafuata. Nilikuwa nimeambiwa hayo na yeye mwenyewe nikinywa uji wake. Sasa nilikuwa nimebeba lakiri na koleo ya kuibania mfukoni mwangu, kwa ajili ya watu wa baharini nisiowajua na ambao hawatanijua.

Mvua zilikuwa zimeanza. Safari hii Kessy hakuja, alisema ana kikao. Tulipofika kwenye kilima kinachotazamana na zahanati tulikuta daraja la miti limeondoka na mto. Mtu angeweza kuvuka kwa kurukia mawe, lakini gari lisingevuka. Mzee Shabani alikuwa na goti bovu. Tukaelewana yeye abaki na gari na mashine kubwa, mimi niende kwa miguu na redio ya mkononi.

"Nikiwa huku nifanye nini?" akaniuliza.

"Pumzika, mzee."

"Kupumzika nitapumzika nikifa. Nakaa nisikilize."

Nilivuka, nikapanda. Nilikuwa karibu na uzio wa zahanati redio ilipokohoa kiunoni kwangu.

"Binti! Inanguruma huku! Inanguruma kama simba wa Rungwa!"

"Ipi, mzee?"

"Ya kwetu! Masafa yaleyale. Injini nimezima, usinitanie. Umefika?"

"Nipo uani."

"Umebisha hodi?"

"Bado."

"Usibishe! Kaa hapo hapo!"

Lakini mtu hakai uani kwa watu kama mwizi wa kuku. Na hata kama ningeweza, Mama Ndahani alikuwa ameshanisikia nikiongea. Alitoka akiwa na mikono iliyolowa, hakutabasamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ila umenikuta vibaya. Kuna binti ndani tangu jana, mtoto amekaa vibaya na damu imeanza kutoka. Ngoja nipige simu Mpwapwa, nitakuja kukusalimia vizuri."

Alipita mbele yangu kwenda ua wa nyuma, nami nikamfuata. Antena ya simu ilikuwa imekaa pale juu ya jukwaa la fito, na juu yake kulikuwa na karai kubwa la chuma lililopinduliwa, limekaa juu ya mawe matatu ili hewa ipite chini. Alilinyanyua karai kwa mikono miwili, akaliweka chini taratibu, akaipangusa antena kwa upindo wa kanga kama anampangusa mtoto uso.

"Imekata!" Mzee Shabani akapiga kelele redioni. "Binti, imekata! Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Mtu amegusa kitu!"

"Mama amefunua karai."

Redio ikakohoa tena. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeona mlango ukifunguka, "Mwambie afunike."

"Mzee, anapiga simu. Ana mgonjwa."

"Ah. Basi asifunike. Aongee. Mwache aongee."

Nilisimama nikimwangalia Mama Ndahani akibonyeza tarakimu, na kichwani mwangu mambo yakaanza kujipanga. Aliyefunga ile simu aliona milima inapunguza nguvu, akaongeza busta ya kukuza mawimbi pale pale kwenye antena, akaiunga moja kwa moja kwenye betri ya sola bila swichi. Simu Mama Ndahani alikuwa anaizima. Busta haikuzimika kamwe. Nayo ikifunikwa kwa chuma, sauti yake inagonga karai na kuirudia yenyewe, inaikuza tena, inarudi tena, mpaka inapiga ukelele, kama spika ya kanisani ikiwekwa karibu sana na kipaza sauti. Ukelele ule ulikuwa unatokea pembeni ya karai, pale kwenye uwazi wa mawe, kwenda juu.

Na kwa nini karai? Kwa sababu ile simu ilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote katika kijiji. Maziwa yanafunikwa, unga unafunikwa, maji ya kunywa yanafunikwa, na kitu kinachookoa wake za watu kisifunikwe? Kuku walikuwa wanapanda juu yake, mvua ya mawe ilikuwa inakuja. Kila alipomaliza kuitumia aliifunika. Na kila mgeni alipobisha hodi kuja kuiangalia, alikwenda kwanza kuifunua na kuipangusa, kwani mgeni haonyeshwi kitu kikiwa kimefunikwa na kina vumbi. Sisi tulikuwa tumebisha hodi mara mbili kwa adabu, tukakaa, tukanywa uji, na mara mbili akatuandalia masafa safi.

Simu ilipatikana. Nilimsikia akieleza hali kwa maneno machache: mapigo ya moyo, damu, umri wa binti, mimba ya kwanza. Kisha akasikiliza, akasema "ndiyo, daktari" mara kadhaa, akaweka mkono wa simu mahali pake.

"Gari linaanza kuja," akaniambia. "Ila daraja hakuna. Wanasema tumsogeze tukakutane njiani." Na akiwa anaongea, bila hata kuangalia mikono yake, akalichukua karai na kuifunika antena.

"Imerudi!" redio ikasema kiunoni. "Allahu akbar, imerudi!"

Mama Ndahani akaiangalia redio, akaniangalia mimi, na hapo macho yake yakashuka mpaka mkononi mwangu. Sikumbuki niliitoa lini mfukoni, lakini koleo ya lakiri ilikuwa mkononi.

"Hiyo ni ya nini, mwanangu?"

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia nimetumwa kuifunga simu, na nikamwambia kwa nini, nahodha na sauti yake ndogo na mngurumo unaoiziba. 

"Hao watu wa baharini," akauliza, "wanaitaje?"

"Kama ulivyoita wewe sasa hivi, mama. Wanabonyeza, wanasema wako wapi na wana shida gani."

"Na mimi ndiye ninayewapigia kelele."

"Karai, mama. Siyo wewe."

Alisimama akiliangalia karai lile. "Nilikuwa naitunza," akasema, na sauti yake ilishuka mpaka nikatamani nisingekuwa mimi niliyekuja kumwambia. Kisha akajikaza. "Nisikilize. Huyu wangu ndani nikichelewa atakufa, na hao wako wakikosa kusikika watakufa. Mimi siwezi kuchagua, na usiniambie nichague. Wewe ndiye fundi."

Nilirudisha koleo mfukoni. Nikalinyanyua karai kutoka kwenye antena, nikaligeuza. "Tubebe vitu vyako ndani ya hili," nikamwambia. "Gari letu liko ng'ambo ya mto."

Ndivyo karai lilivyoondoka pale. Likajazwa kanga, glavu, chupa za maji ya dripu na taulo, nikalibeba kichwani. Wanaume wa kijiji wakambeba binti kwenye machela wakavuka naye penye mawe, wanne majini mpaka mapajani. Mzee Shabani alikuwa amekwisha kushusha mashine zote, za serikali, za bei mbaya, na kuzipanga chini ya turubai kando ya barabara ili apate nafasi ya kumlaza. Akamwambia kijana mmoja wa kijiji azilinde kama macho yake.

Akaendesha yeye mwenyewe, na goti lake bovu. Sijawahi kuona gari likiendeshwa vile. Kila shimo aliliomba radhi kabla ya kuliingia. "Pole mwanangu, kuna jiwe hapa. Pole, limepita. Vumilia, hapa pabaya kidogo." Binti hakuwa akimjibu. Mama Ndahani alikuwa amepiga magoti nyuma, mkono mmoja tumboni kwa binti, mwingine umeshika ukingo wa karai, akimnong'oneza kwa Kigogo maneno ambayo mama yangu alikuwa akiniambia nikiumwa. Tulikutana na gari la hospitali mahali njia inaposhuka uwandani. Walimhamisha wakaondoka, na Mama Ndahani akaondoka naye. Sisi tulibaki tumesimama barabarani na karai.

Binti alipona. Alipasuliwa, mtoto akatoka hai, wa kike. Habari zilitufikia baadaye kwa yule dereva wa lori la mazao.

Ofisini haikuwa rahisi. Nilirudi na lakiri nzima, na hilo peke yake lilikuwa kosa la kutolea maelezo. Kessy alitaka nieleze habari za karai na ninyamaze kuhusu busta isiyo na swichi, kwani aliyeifunga ni fundi wao. Kampuni ya zamani ilitaka simu ifungwe hata kama chanzo kimejulikana, ili iwe fundisho. Nilifanya kitu ninachowashauri ninyi mfanye mkiwekwa katikati ya wakubwa wawili: niliandika kilichotokea kwa mpangilio wake, nikaweka vipimo vya Mzee Shabani pembeni yake, nikaonyesha kwamba tangu karai lilipoondoka kampuni ya zamani yenyewe haijasikia mngurumo. Nikapendekeza busta itolewe, antena ipandishwe juu ya mlingoti ambako haitahitaji busta, na simu isifungwe. Mkubwa wangu alisoma akiwa amesimama. Akauliza swali moja tu, kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika wa kilichopimwa, na kwamba nitarudi kupima tena bila kutoa taarifa. Akatia sahihi.

Nilirudi na Kessy, safari hii amevaa gambuti. Alipanda mwenyewe kwenye mlingoti, na sitamsema vibaya, alifanya kazi nzuri na akamwomba radhi Mama Ndahani kwa mdomo wake. Tulianza kupima tukiwa ng'ambo ya mto, tukapima njiani, tukapima nje ya uzio, na tulipomaliza ndipo tukabisha hodi. Huo ndio utaratibu niliouacha ofisini: pima kwanza, hodi baadaye. Adabu ina nafasi yake, na nafasi yake ni baada ya vipimo.

Mama Ndahani hakuridhika. Alikuwa anaiangalia antena juu ya mlingoti, tupu kwenye jua, kama mtu anayemwona mtoto wa jirani akicheza bila shati. "Itakaa hivyo hivyo? Na mvua ya mawe? Na kunguru?"

Kessy akaanza kumweleza kwamba imetengenezwa kwa ajili ya mvua. Hakumsikiliza. Aliniuliza mimi: kitambaa je? Nikamwambia kitambaa kikavu mawimbi yanapita, kikilowa yanapungua, lakini ukelele hakileti. Akaingia ndani, akarudi na kofia aliyokuwa ameshaishona, kofia ya kanga yenye kamba za kufungia chini ya kidevu, kama zile anazowavalisha watoto wachanga, ila kubwa. Tuliivalisha. Nikapima. Safi. Kessy akapiga picha kuwapelekea wakubwa zake, na sijui kama waliielewa.

Baada ya hapo Mama Ndahani alikuwa ananipigia ofisini, mara moja moja, mchana, kazi zikitulia. Wenzangu walishazoea, wakipokea wakisikia ule mwangwi wa setilaiti wananiita bila kuuliza ni nani.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo. Kuna shida?"

"Marahaba. Hakuna shida. Nauliza tu, hao wa baharini wananisikia?"

"Hawakusikii, mama."

"Wewe umesikiliza mwenyewe?"

"Nimesikiliza asubuhi hii. Kimya kabisa."

"Basi vizuri," alikuwa akisema. "Nakata. Kuna mtu ananisubiri kitandani."